Riwaya Iliyochapishwa London, Historia Iliyobaki Mlimani: Uchapishaji na Kumbukumbu ya Rwenzururu katika Kasese na Bwera, 1954–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya uchapishaji na kumbukumbu ya kisiasa katika Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Kiini chake ni safari ya mwaka 1954, ambapo Tom Stacey, mwandishi kijana kutoka Uingereza, alizunguka milima ya Rwenzori pamoja na mwalimu Isaya Mukirane. Mwenyeji alianzisha jumuiya ya kuchunguza historia ya Wakonzo. Mgeni alirudi kwao, na mwaka 1960 akachapisha riwaya yake ya kwanza, The Brothers M. Jumuiya ile iligeuka kuwa vuguvugu, na vuguvugu likawa ufalme. Mtunzi wa riwaya naye akaitwa kuwa mpatanishi. Makala yanahoji kwamba tofauti kati ya maandishi yaliyochapishwa na yale yasiyochapishwa imeathiri namna dola inavyoielewa Rwenzori, na kwamba uamuzi wa Uganda wa kukuza Kiswahili utakuwa na faida kwa eneo hili endapo tu utaambatana na uchapishaji wa nyaraka za Kikonzo.

Maneno muhimu: Rwenzururu, Wakonzo, riwaya ya kwanza, uchapishaji, nyaraka, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 1963, miezi michache baada ya Uganda kupata uhuru, serikali ya Milton Obote ilihitaji mtu wa kupanda milima ya Rwenzori ili azungumze na Isaya Mukirane. Mukirane, aliyekuwa mwalimu wa shule, alikuwa ameikimbilia milima hiyo na kutangaza kwamba Wakonzo na Waamba hawako tena chini ya ufalme wa Toro. Polisi walishindwa kumfikia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Dkt. Ssembeguya ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake mwaka 1962, lakini ghasia hazikutulia. Mtu aliyepanda mlimani kwa ridhaa ya Obote alikuwa Tom Stacey, mwandishi wa gazeti la The Sunday Times la London na mtunzi wa riwaya moja.

Jambo hili limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ajabu. Makala haya yanalichukulia kama swali la historia: ilikuwaje dola iliyokuwa na wakuu wa wilaya, mahakama na bunge ikaona kwamba anayeweza kuzungumza na raia wake wa mlimani ni mwandishi wa kigeni? Jibu la kawaida ni kwamba Stacey alikuwa rafiki wa Mukirane. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Makala yanadai kwamba Stacey alisimama pale pia kwa sababu alikuwa amechapishwa. Alikuwa na jina linalosomeka London na Kampala, ilhali maandishi ya wenyeji, ambayo hayakuwa haba, hayakuwa na msomaji nje ya milima.

Mjadala unaanza na nafasi ya riwaya ya kwanza katika kuijenga kumbukumbu ya mahali. Unafuata mkondo wa matukio kuanzia 1954 hadi 1963, kisha unaangalia maandishi ya Rwenzururu yenyewe, na kumalizia kwa hali ya sasa katika Kasese na katika mpaka wa Bwera.

2.0 Riwaya ya kwanza na kijiji kinachosomeka

Riwaya ya kwanza ya mtunzi huhesabiwa kuwa tukio la fasihi. Kwa mwanahistoria ni zaidi ya hapo, maana mara nyingi ndipo mahali panapoingia kwa mara ya kwanza katika orodha ya mambo ambayo wasomaji wa mbali wanadhani wanayajua. Mfano mashuhuri ni Adam Bede, riwaya ya kwanza ya George Eliot, iliyochapishwa mwaka 1859. Inatendeka katika Hayslope, kijiji cha kubuni cha Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Mhusika wake mkuu ni fundi seremala. Kupitia kitabu hicho na vingine vya aina yake, msomaji wa mjini alijifunza kuwaona seremala, mkulima na mhubiri wa kijijini kuwa watu wenye dhamiri na historia. Kijiji kilipata uzito katika fikra za taifa kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa, kimechapwa na kimesomwa.

Afrika Mashariki nayo ina mifano. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Halifax, Uingereza, na kuishi Uganda kwa miaka mingi, alichapisha Kalasanda mwaka 1965. Kitabu hicho cha hadithi fupi kilikifanya kijiji cha kubuni cha Buganda kijulikane na wanafunzi wa shule katika eneo zima. Timothy Wangusa, mzaliwa wa miteremko ya Elgon, alitoa riwaya yake Upon This Mountain mwaka 1989, na mlima wa mashariki ukapata msimulizi aliyezaliwa juu yake. Mlima wa magharibi ulikuwa na njia tofauti. Mtunzi wa riwaya aliyehusishwa nao mapema, na ambaye sauti yake ilisikika mbali, alitoka nje, na alifika kwanza kama msafiri.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mgeni hana haki ya kuandika. Mifano hii miwili ya Uganda inaonyesha kwamba mahali pa kuzaliwa si kipimo pekee cha uelewa: Kimenye alizaliwa mbali na bado aliandika kijiji kwa jicho la mkazi. Swali linalofaa ni la uwiano. Mgeni anapochapishwa na mwenyeji naye akachapishwa, msomaji anaweza kulinganisha. Mgeni anapochapishwa peke yake, anageuka kuwa chanzo, hata pale ambapo alikuwa shahidi tu.

3.0 Safari ya 1954: mgeni, mwenyeji na kalamu mbili

Tom Stacey alizaliwa mwaka 1930. Alipofika Rwenzori mwaka 1954 alikuwa tayari ametoa kitabu kimoja cha safari, The Hostile Sun (1953), kuhusu Malaya alikotumikia jeshi. Alitaka kuwajua Wakonzo, watu wa milima ambao wasafiri waliotangulia waliwataja hasa kama wapagazi wa wapanda theluji. Mukirane akawa mkalimani na mwandani wake. Kwa miezi kadhaa walipanda na kushuka mabonde ya Rwenzori wakilala katika nyumba za wenyeji na kuwasikiliza wazee.

Ili kuelewa walichokisikia, inafaa kukumbuka mpangilio wa utawala wa wakati huo. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Mukama wa Toro. Machifu wengi waliowatawala walikuwa Watooro. Lugha ya darasani na ya baraza ilikuwa Kitooro, na mtoto wa Kikonzo alianza shule kwa kujifunza lugha ya mtawala wake kabla ya kujifunza kusoma. Upinzani ulikuwapo tangu mapema. Kati ya 1919 na 1921 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza uasi uliomalizika kwa wao kunyongwa mwaka 1921. Majina yao yalibaki midomoni mwa watu, yakipokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Katika mwaka huohuo wa safari, Mukirane alianzisha Bakonzo Life History Research Society, yaani jumuiya ya kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo. Stacey alimtia moyo, na watafiti wamelisisitiza jambo hilo. Hata hivyo kazi yenyewe ilifanywa na walimu, makarani na wakulima waliopita kijiji kwa kijiji wakikusanya simulizi za asili, koo, mipaka na mashujaa. Jina la jumuiya lilikuwa la kitaaluma na lengo lake lilionekana la kitaaluma. Serikali ya kikoloni isingeona hatari katika watu wanaouliza habari za mababu.

Lakini kuuliza habari za mababu katika nchi ambayo historia rasmi ilimtaja Mkonzo kama raia mdogo wa mfalme mwingine lilikuwa jambo zito. Kila kijiji kilichotembelewa kiligundua kwamba kijiji cha pili kina simulizi hiyohiyo na kero hiyohiyo. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya utafiti ukawa njia ya kupitishia habari, michango na maazimio. Martin Doornbos, aliyechapisha uchambuzi wake mwaka 1970, na Arthur Syahuka-Muhindo, aliyeandika mwaka 1991, wanatofautiana katika mkazo, lakini wote wanaiona Rwenzururu kuwa zao la ukosefu wa usawa uliokuwapo kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, jumuiya iliipa kero sauti ya pamoja, haikuizua.

Stacey aliondoka. Mwaka 1960 shirika la Secker & Warburg la London lilichapisha riwaya yake ya kwanza, The Brothers M. Inahusu vijana wawili, Mkanada na Mganda, wanaofahamiana wakiwa masomoni Uingereza na ambao urafiki wao unapimwa wanaposafiri hadi Uganda. Riwaya ilitoka katika wakati wake. Mwaka 1960 ndio mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, na msomaji wa Uingereza alikuwa akijiuliza iwapo udugu kati ya mweupe na mweusi ungeweza kuishi nje ya kuta za chuo.

Hivyo basi, kufikia 1960 kalamu mbili zilizosafiri pamoja zilikuwa zimefika mbali tofauti. Moja ilikuwa na mchapishaji, wahakiki na rafu za maduka ya vitabu. Nyingine ilikuwa na madaftari.

4.0 Juni 1962: mkutano bondeni, tangazo mlimani

Uganda ilipokaribia uhuru, kila ufalme ulijadili nafasi yake katika katiba. Katika Rukurato, baraza la Toro, wajumbe wa Kikonzo na Kiamba walidai jambo ambalo kwa nje lilionekana dogo. Walitaka hati ya Toro itaje kwamba ufalme huo una watu wa makabila matatu: Watooro, Wakonzo na Waamba. Wakuu wa Toro walikataa. Tarehe 13 Machi 1962 wajumbe hao walitoka nje ya baraza, wakiongozwa na Isaya Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya. Dai likageuka: sasa walitaka wilaya yao wenyewe. Viongozi walikamatwa na kushtakiwa. Mukirane akapata nafasi ya kutorokea mlimani. Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi huru.

Ni muhimu kutambua kwamba mgogoro uliogharimu maisha ya watu kwa miaka ishirini ulianza kwa ubishi juu ya maneno katika hati. Waliokuwa wamepita vijijini wakiandika historia walielewa vizuri kwamba asiyetajwa katika hati hana pa kudai haki yake.

Mwezi huohuo wa Juni 1962, Chuo Kikuu cha Makerere kiliwakaribisha waandishi wa Afrika katika mkutano unaokumbukwa hadi leo. Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ezekiel Mphahlele walihudhuria, pamoja na mwanafunzi aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye kwa miongo miwili alikuwa amejenga fasihi andishi ya Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mpango huo, na alifariki dunia katika mwezi huohuo. Ngũgĩ aliirejea hoja hii baadaye katika utetezi wake wa lugha za Kiafrika.

Matukio haya hayakuhusiana moja kwa moja, na makala hayadai kwamba yalihusiana. Yakiwekwa pamoja, yanaonyesha ramani ya uchapishaji wa wakati huo. Kampala kulijadiliwa fasihi ya Kiafrika ni ipi, na mlango wa mjadala ulikuwa Kiingereza. Kilomita zisizopungua mia tatu upande wa magharibi, watu walikuwa wakiandika matamko, barua na orodha za majina katika mazingira ambayo hakuna mchapishaji aliyeyafikia. Kama mwandishi wa Kiswahili mwenye hadhi ya Shaaban Robert aliachwa nje, mwandishi wa Kikonzo hakuwa hata kwenye orodha ya walioachwa.

5.0 Mpatanishi mwenye kitabu

Katika hali hiyo Stacey alirejea mwaka 1963. Alipanda, akakutana na swahiba wake wa zamani, na kukuta kwamba mwalimu aliyemkalimania sasa ana walinzi, mawaziri na bendera. Upatanishi ulishindikana. Mukirane hakukubali chochote pungufu ya kutambuliwa kwa nchi yake, na serikali haikuwa tayari kuigawa Toro. Mwaka huohuo Mukirane alichukua cheo cha Omusinga, yaani mfalme, naye anakumbukwa kama Kibanzanga wa Kwanza. Stacey alirudi London na mwaka 1965 akatoa Summons to Ruwenzori, simulizi ya safari hiyo. Mukirane alifariki mwaka 1966 akiwa mlimani, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, akarithi kiti.

Athari za kitabu cha 1965 zinapaswa kupimwa kwa haki. Kwa upande mmoja, kiliuhifadhi ushahidi ambao pengine ungepotea: sura ya Mukirane, mazungumzo yake, hofu na matumaini ya watu waliomzunguka. Stacey hakuwasahau Wakonzo. Karibu miaka hamsini baada ya safari ya kwanza alitoa Tribe: The Hidden History of the Mountains of the Moon (2003), na alifariki mwaka 2022 akiwa bado anahesabiwa kuwa rafiki wa watu hao. Kwa upande mwingine, kitabu kiliweka mpangilio ambao wasomaji wengi wameurithi bila kuuhoji: kwamba habari ya Rwenzururu inaanza pale Mwingereza anapofika. Hata hapa, safari ya 1954 imetumika kama mlango wa kuingilia, kwa sababu ndipo nyaraka zinazosomeka zinapoanzia. Mtafiti mwangalifu hana budi kukumbuka kwamba mlango si msingi wa nyumba. Waliokufa mwaka 1921 hawakumjua Stacey.

Tahajia nayo ina historia yake. Vitabu vya London viliandika Ruwenzori. Uganda leo inaandika Rwenzori. Nyaraka za kikoloni na za Toro ziliandika Bakonjo, na umbo hilo limebaki katika majina ya majimbo ya uchaguzi ya Bukonjo, ingawa wenyewe hujiita Bakonzo na lugha yao Lhukonzo. Herufi moja inaweza kuonekana jambo la makarani. Kwa watu walioingia msituni kwa sababu ya kutotajwa katika hati, haikuwa ndogo.

6.0 Masijala ya mlimani

Dhana kwamba Rwenzururu ilikuwa harakati ya watu wasioandika haina msingi. Derek Peterson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ameonyesha kuwa ufalme huo uliishi kwa karatasi. Watumishi wake walipiga barua kwa mashine za taipu, waligonga mihuri, waliweka kumbukumbu za vikao na kuwaandikia viongozi wa nje kwa lugha ya kiserikali. Ilikuwa namna ya kuwa dola: anayetoa risiti ya kodi na kuweka nakala yake anaiambia dunia kwamba hapa pana serikali. Mwanaanthropolojia Kirsten Alnaes naye, katika makala ya mwaka 1969, alichambua nyimbo za uasi na kuonyesha kwamba historia iliyokusanywa na wanajumuiya iliendelea kuishi katika uimbaji.

Kwa hiyo tuna hazina mbili za wenyeji: karatasi na nyimbo. Zote zinatofautiana na riwaya na simulizi za safari katika jambo moja la msingi. Riwaya huandikwa kwa msomaji asiyejulikana. Hubeba maelezo yake yenyewe ili mtu wa mbali aelewe. Barua ya afisa wa Rwenzururu huandikwa kwa mtu mahususi, kwa shughuli mahususi, na wimbo huimbwa mbele ya wanaojua tayari. Ndiyo maana nyaraka hizi haziwezi kujisemea zenyewe zikihamishiwa Kampala au London. Zinahitaji mhariri, mfasiri na mtoa maelezo, yaani kazi ambayo mchapishaji humfanyia mtunzi wa riwaya kama jambo la kawaida.

Pia zinahitaji kuwahi. Karatasi iliyohifadhiwa katika sanduku la bati chini ya paa la nyumba ya mlimani hushambuliwa na unyevu, mchwa na panya. Wazee walioziandika wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Riwaya ya 1960 bado inaweza kupatikana katika maktaba za mabara matatu. Daftari la mwaka huohuo lina nakala moja, na nakala hiyo ina mtunzaji mmoja.

7.0 Kutoka 1982 hadi 2023: gharama ya kutosomana

Wilaya iliyodaiwa mwaka 1962 ilipatikana mwaka 1974, pale serikali ya Idi Amin ilipoigawa Toro. Mgawanyo huo ndio asili ya wilaya za Kasese na Bundibugyo. Mwaka 1982 Mumbere alishuka kutoka mlimani na kuweka silaha chini kwa makubaliano na serikali ya pili ya Obote. Baadaye alikwenda Marekani, ambako aliishi kwa kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wazee. Mwaka 2009 serikali ya Yoweri Museveni iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo sherehe zikafanyika Kasese.

Utambuzi huo haukumaliza suala la nani ameelewa nini. Je, kilichotambuliwa ni taasisi ya utamaduni, au ni nchi iliyotangazwa mwaka 1962? Sheria ya Uganda ilisema la kwanza. Sehemu ya kumbukumbu ya wenyeji iliendelea kubeba la pili. Pengo hilo halikujadiliwa kwa upana unaostahili, na wilaya ya Kasese ina watu wengine pia, wakiwamo Wabasongora na Wabanyabindi, ambao nao wana madai yao ya kihistoria. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 vikosi vya usalama vilipambana na walinzi wa ufalme na kulivamia jumba la Omusinga mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwamo askari polisi. Mumbere alikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yalifutwa mwaka 2023, na mwaka huohuo akarejea Kasese.

Ingekuwa kosa kudai kwamba vifo hivyo vilisababishwa na ukosefu wa vitabu. Sababu zake ni za kisiasa na kiusalama, na zina wahusika wanaopaswa kuwajibika. Dai la makala haya ni la kiasi zaidi. Washauri wa sera waliotaka kuielewa Kasese kabla ya 2016 walikuwa na vitabu vya Stacey, tasnifu za vyuo vikuu na ripoti za tume, karibu zote kwa Kiingereza. Maandishi ambayo watu wa Rwenzururu waliandikiana wenyewe kwa wenyewe hayakuwa mezani kwao.

8.0 Bwera: lugha ya mpakani na lugha ya kitabu

Bwera iko upande wa Uganda wa mpaka wa Mpondwe, ikitazamana na Kasindi ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Beni na Butembo wana lugha moja kwa asili, iliyogawanywa na mpaka wa kikoloni. Kikonzo kinavuka mpaka na ndizi, maharage na samaki. Kiswahili kinavuka nacho, kwa kuwa ni lugha kuu ya biashara mashariki mwa Kongo. Kasese nayo ilipata sura ya mji wa mchanganyiko pale reli ilipofika mwaka 1956 na machimbo ya shaba ya Kilembe yalipoanza kuzalisha, yakivuta wafanyakazi kutoka pande nyingi.

Kwa hiyo, tofauti na maeneo mengi ya Uganda, hapa Kiswahili hakikungoja waraka wa serikali. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima shuleni, na katika mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpondwe ikawa mpaka wa ndani wa jumuiya.

Hapa pana fursa na pana tahadhari. Fursa ni kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ambayo kwayo nyaraka za Kikonzo zitawafikia wasomaji wa Goma, Kigoma, Mombasa na Unguja bila kupitia London. Tahadhari inatokana na historia yenyewe. Watu ambao watoto wao walilazimishwa Kitooro wana sababu ya kuiogopa lugha inayoshuka kutoka juu ikiwa na vitabu vyake tayari na isiyouliza habari za walioikuta. Kiswahili kikifika Bwera kama lugha ya mtihani peke yake, kitapokewa na wengine kama Kitooro cha pili. Kikifika kikiwa kimebeba tafsiri ya barua za masijala ya mlimani, kitakuwa lugha ya nyumbani ya aina nyingine.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba safari moja ya 1954 ilifuatiwa na maandishi ya aina mbili, na kwamba hatima zao zilitofautiana kwa sababu ya uchapishaji kuliko kwa sababu ya ubora. Riwaya ya kwanza ya Stacey ilimfungulia njia mtunzi wake. Madaftari ya jumuiya ya Mukirane yalifungua njia ya kisiasa, lakini hayakupata msomaji wa mbali. Mwaka 1963 dola ilipohitaji kuisikia Rwenzori, ilimtuma yule iliyeweza kumsoma.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, vyuo vikuu vya Uganda, kwa kushirikiana na wenye nyaraka, vikusanye na kunakili karatasi za Rwenzururu kwa masharti yanayowaachia wenyewe umiliki. Katika eneo lenye majeraha mapya, nyaraka zikichukuliwa bila ridhaa zitaonekana kama ushahidi wa polisi. Kazi hiyo ihusishe pia kumbukumbu za Waamba, Wabasongora na Wabanyabindi, ili kosa la mwaka 1962 la kutowataja wengine lisirudiwe na waliotendewa. Pili, sehemu teule ichapishwe kwa Lhukonzo na Kiswahili katika kitabu kimoja, kwa tahajia ambayo wenyeji wameikubali. Tatu, taasisi za kukuza Kiswahili za Uganda na za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitenge sehemu ya bajeti za vitabu vya shule kwa ajili ya waandishi wa Kasese, Bundibugyo na Beni, badala ya kuzituma zote kwenye uchapaji upya wa vitabu vya pwani.

Riwaya za vijiji vya Rwenzori zitaandikwa. Hakuna kamati inayoweza kuagiza riwaya. Kinachoweza kuagizwa ni kwamba siku kijana wa Bwera atakapokaa kuandika yake, akute katika maktaba ya mji wake daftari la babu yake, likiwa limechapwa na linasomeka.